Paka wa Nyumbani Akiugua na Ugonjwa Usiojulikana

Katika maboma na maduka mengi ya Oldonyiro, paka ni mfanyakazi kabla ya kuwa rafiki. Ndiye anayelinda gunia la mahindi, unga wa watoto na kamba za ngozi zisitafunwe na panya. Panya wakizidi, nyoka nao hufuata hadi ndani ya nyumba. Kwa hiyo paka anapoanza kukonda, kukataa maziwa na kujificha chini ya kitanda mchana kutwa, familia huona haraka kwamba kuna kasoro. Jambo gumu ni kujua kasoro hiyo ni nini.

Mfugaji wa wadi hii anaweza kutazama mbuzi akikohoa na akataja ugonjwa kabla afisa wa mifugo hajafika. Amekua na mbuzi, na babu yake alikua na mbuzi. Kwa paka hana urithi huo wa maarifa. Wengi hungoja tu. Wengine huchovya sindano katika chupa ya dawa iliyobaki baada ya kutibu kondoo, na huo mara nyingi huwa mwanzo wa shida ya pili.

Ikumbukwe kwamba huduma za tiba ya mifugo zimegatuliwa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la huduma hizo, pamoja na udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo leseni za mbwa na mahali pa kuwatunza na kuwazika wanyama. Katiba haikusema ng'ombe na ngamia pekee. Mwananchi anayefika katika ofisi ya mifugo ya wadi akiwa amebeba paka ndani ya katoni hajafanya kichekesho, hata kama wenzake kwenye foleni wamekuja na habari za ng'ombe.

Kwa nini ni vigumu kumjua paka mgonjwa

Paka ni mnyama anayewinda, lakini kwa udogo wake pia huwindwa. Akionyesha udhaifu porini ataliwa. Kwa sababu hiyo huficha maumivu hadi yanapomzidi nguvu, na siku mwenyewe anapogundua, mara nyingi ugonjwa umeshakaa mwilini kwa muda. Dalili za mwanzo ni ndogo: anaacha kujilamba na manyoya yanasimama, anakosa panya aliyekuwa akimkamata bila shida, anakunywa maji kupita kawaida, au utando mweupe unaonekana kwenye kona ya jicho.

Shida nyingine ni kwamba dalili hizo hazina mwenyewe. Homa, kutapika, kukonda na fizi nyeupe zinaweza kuletwa na minyoo, na sumu, na virusi, na figo iliyochoka, na uvimbe tumboni. Daktari akimtazama paka wa aina hiyo kwa macho tu, atakayosema ni makisio. Anahitaji damu, mkojo au majimaji ya tumbo yapimwe. Vipimo vingine hufanyika katika mji wa Isiolo au miji jirani, na vingine hulazimu sampuli kusafiri hadi Kabete, jijini Nairobi, ziliko Maabara Kuu za Mifugo za taifa pamoja na kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kutoka mjini Isiolo pekee hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 250, na aliye Oldonyiro bado ana barabara ya Kipsing mbele yake kabla ya kuufikia mji huo. Damu iliyokaa kwenye joto siku nzima bila barafu inaweza isiseme lolote la maana ikifika.

Kabla ya yote: amemuuma mtu?

Kuna swali moja linalotangulia mengine yote. Je, paka huyu ameuma au kukwaruza mtu, au aliwahi kuumwa na mbwa, bweha au mnyama mwingine katika miezi iliyopita?

Kichaa cha mbwa hakibagui. Mbwa ndiye anayeleta takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu duniani, lakini paka huambukizwa pia, na paka mwenye kichaa mara nyingi huwa mkali kuliko mbwa. Paka aliyekuwa mpole ghafla anarukia uso wa mtu. Mwingine hufanya kinyume: hujificha, sauti inabadilika, mate yanamtoka na taya linalegea hadi mwenye nyumba adhani mfupa umemkwama kooni. Hapo ndipo watu huingiza kidole kinywani mwake kumsaidia. Kosa hilo linaweza kugharimu maisha.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Maji ni adimu, hasa wakati wa kiangazi, lakini haya si maji ya kuwekea akiba. Baada ya hapo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama mchubuko wa mwiba. Asipake jivu, pilipili wala mafuta. Chanjo ikitolewa mapema na kukamilishwa kwa tarehe zote atakazopewa na mhudumu wa afya, humkinga mtu. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Virusi vinaweza kukaa kimya kwa wiki au miezi, kwa hiyo kutojisikia vibaya leo si ushahidi wa usalama.

Paka aliyeuma afungiwe peke yake mahali salama, apewe maji na chakula bila kushikwa, na afisa wa mifugo aarifiwe. Kwa kawaida mnyama huyo huangaliwa kwa siku 10, kwa kuwa paka au mbwa aliyekuwa tayari anatoa virusi kwenye mate huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Wananchi wanaombwa wasimpige rungu la kichwa. Kichaa cha mbwa huthibitishwa maabarani kwa kupima ubongo, na kichwa kilichopondwa huwanyima jibu daktari na familia ya mtoto aliyeumwa. Kazi ya kuchukua sampuli hiyo ni ya mtaalamu mwenye glavu na chanjo, si ya mwenye boma na kisu chake.

Sumu zinazojifanya ugonjwa

Yapo maradhi ya paka ambayo chanzo chake kiko rafuni. La kwanza ni dawa za kupe. Dawa nyingi za kunyunyizia au kuogeshea mifugo ni za jamii ya pareto iliyotengenezwa viwandani, na ngozi ya mbuzi huzivumilia vizuri. Ini la paka halina uwezo wa kuzivunja haraka. Akipakwa dawa hiyo kuua viroboto, au akilala kwenye gunia lililolowa dawa kisha akajilamba, anaweza kutetemeka masikio na miguu, kisha akapata degedege. Mtu asiyejua atasema ni kifafa au kichaa. Mtu anayekumbuka kwamba jana mbuzi walinyunyiziwa atakuwa amempa daktari nusu ya jibu. Mwenye kumhudumia mapema, akingali mzima, aoshe manyoya kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, amkaushe na kumfunika, kisha amwite afisa wa mifugo.

Ya pili ni tembe za maumivu za binadamu. Parasetamoli, ambayo kila nyumba inayo, ni sumu kwa paka. Tembe moja ya miligramu 500 inatosha kumuua paka mzima, kwa sababu huharibu uwezo wa damu yake kubeba hewa safi. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, uso na miguu huvimba. Anayempa tembe hiyo hufanya hivyo kwa huruma, na ndiyo sababu jambo hili linahitaji kusemwa wazi.

Ya tatu ni sumu ya panya. Aina nyingi za sumu hiyo huzuia damu isigande, na hazifanyi kazi siku ile ile. Panya aliyekula hulegea, paka humkamata kirahisi, na siku kadhaa baadaye paka huanza kuhema kwa shida kwa sababu damu inavuja ndani ya kifua. Wakati huo hakuna anayekumbuka sumu iliyowekwa stoo wiki iliyopita, pengine na jirani. Hii ni mojawapo ya hali chache ambapo dawa ipo na hufanya kazi: vitamini K1, kwa wiki kadhaa, chini ya uangalizi wa daktari. Pakiti ya sumu isitupwe. Ipelekwe pamoja na paka.

Kuhusu sumu zinazowekwa kwenye mizoga ili kuua fisi au simba, kisheria ni kosa, na hasara yake haikomei kwa fisi. Mbwa wa boma, paka na tai hula mzoga ule ule.

Daftari na mizani ya duka

Daktari anayekutana na paka kwa dakika kumi hawezi kuona kile ambacho familia imekiona kwa wiki tatu. Daftari la shule la kurasa chache linaweza kuwa kipimo bora kuliko vyote vilivyopo karibu. Kinachohitajika ni tarehe dalili ya kwanza ilipoonekana, alichokula na alichokataa, choo kilivyokuwa, kama alitapika na nini kilitoka, dawa yoyote aliyopewa, hata ile ambayo mtu anaona haya kuitaja, na kama kuna paka au mbwa mwingine wa jirani aliyeugua.

Uzito ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Paka mzima wa kawaida ana kilo tatu hadi tano. Akipoteza nusu kilo tu, kwa paka wa kilo nne, ni sawa na mtu wa kilo 64 kupoteza kilo nane. Kwa macho, manyoya huficha mabadiliko hayo. Mwenye duka la sukari na maharagwe ana mizani. Paka apimwe ndani ya katoni, kisha katoni ipimwe tupu na kutolewa. Irudiwe kila wiki, kwa mizani ile ile.

Pumzi nayo huhesabika bila kifaa. Paka akiwa amelala, hesabu kifua kinavyopanda kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Kawaida ni kati ya 20 na 30. Ikizidi 40 akiwa ametulia, au akihema kwa mdomo wazi, hiyo ni dharura. Dharura nyingine ni paka dume anayejikamua kukojoa bila kitu kutoka. Wengi hudhani amefunga choo. Kumbe njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Kwa picha, simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Degedege lililorekodiwa kwa sekunde 20 linamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Ugonjwa uliowasumbua madaktari kwa miaka 56

Pamoja na hayo yote, kuna paka watakaobaki bila jina la ugonjwa, na ni vizuri familia ijue kwamba hilo si lazima liwe uzembe wa mtu. Mfano mzuri ni ugonjwa ambao madaktari huuita FIP. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na Jean Holzworth, daktari wa wanyama mjini Boston, Marekani. Chanzo chake ni virusi vya korona vya paka, ambavyo havihusiani na binadamu kuugua. Paka wengi hubeba virusi hivyo tumboni na kupata kuhara kidogo tu, au hata bila dalili. Lakini kwa wachache, hasa walio chini ya miaka miwili, virusi hubadilika vikiwa ndani ya mwili, vinaingia kwenye chembe za kinga na kusambaa. Paka mmoja hujaa majimaji ya njano tumboni. Mwingine hana majimaji yoyote. Ana homa isiyosikia antibiotiki, macho yamebadilika rangi, au anayumba akitembea.

Ugumu uko hapa: kipimo cha damu huonyesha kwamba paka aliwahi kukutana na virusi vya korona, lakini hakisemi kama ni vile vya kawaida au vilivyogeuka. Kwa hiyo daktari hukusanya vipande vya ushahidi. Umri, homa, protini kwenye damu, aina ya majimaji. Kuna kipimo cha zamani kiitwacho Rivalta ambacho huhitaji maji safi, tone la asidi ya siki na tone la majimaji ya tumbo la paka. Tone likiyeyuka, FIP ina uwezekano mdogo. Likibaki na umbo lake likielea au kushuka taratibu, shaka inaongezeka. Halithibitishi, lakini linaweza kufanywa juu ya meza yoyote, na kwa eneo lililo mbali na maabara kubwa hilo si jambo dogo.

Kwa zaidi ya nusu karne, kupewa jina hilo kulikuwa sawa na kuambiwa paka atakufa. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis wakiongozwa na Niels Pedersen walichapisha matokeo ya kuwatibu paka 31 kwa dawa iitwayo GS-441524. Paka 25 walipona na kuendelea kuishi. Dawa hiyo ni ndugu wa damu wa remdesivir, ambayo wakati huo huo ilikuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola mashariki mwa Kongo, katika utafiti ulioanza Novemba 2018, na baadaye ikajulikana dunia nzima wakati wa Covid-19. Mwaka 2023 paka wengi sana wa kisiwa cha Cyprus walipougua FIP, serikali ya huko iliruhusu madaktari wa wanyama watumie akiba ya dawa za binadamu za Covid. Ni nadra dawa moja kupita kwenye safari ya namna hiyo.

Kwa mkazi wa Oldonyiro, faida ya habari hii si kwamba dawa iko dukani. Matibabu hayo huchukua wiki nyingi, yana gharama, na ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya atakayejua kama yanapatikana kihalali. Faida ni kuelewa kwa nini daktari mwaminifu anaweza kusema "inaelekea ni hivi" bila kusema "ni hivi".

Simba wa Serengeti

Ukanda huu una kisa chake pia. Mapema mwaka 1994, watalii waliokuwa kwenye puto la hewa juu ya mbuga ya Serengeti, Tanzania, walimwona simba akipata degedege. Wengine wakafuata. Sumu? Kichaa? Daktari Melody Roelke-Parker na wenzake walikusanya damu na vipande vya ubongo, wakavilinganisha na damu ya simba iliyohifadhiwa miaka ya nyuma. Jibu liliwashangaza wengi: ni virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa ambao haukutarajiwa kuua simba kwa kiwango hicho. Takriban theluthi moja ya simba 3,000 wa Serengeti walikufa au kutoweka, na ugonjwa ukafika Maasai Mara. Mbwa wa vijiji vinavyozunguka mbuga walishukiwa kuwa chanzo. Chanjo za mbwa vijijini zilifuata.

Mwaka 2017 distempa hiyo hiyo iliwaangusha karibu mbwa mwitu wote wa Laikipia, ambayo ni jirani wa Oldonyiro kwa upande wa magharibi. Paka wa nyumbani haugui distempa ya mbwa. Lakini mnyama mmoja anayeyumba kando ya boma anaweza kuwa habari ya kwanza ya jambo kubwa, na ndiyo maana maafisa wa mifugo hutaka kuambiwa hata kuhusu wanyama wasiouzwa sokoni. Maafisa hao hutuma taarifa za magonjwa kupitia mfumo wa simu uitwao KABS. Taarifa ya paka watatu waliokufa katika kijiji kimoja ndani ya wiki moja ina uzito wake.

Mama mjamzito na mavi ya paka

Paka anaweza kubeba kimelea cha toksoplasma ambacho humdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai ya kimelea hutoka kwenye mavi ya paka na huhitaji siku moja hadi tano kukomaa kabla ya kuambukiza. Kwa hiyo mavi yaliyoondolewa kila siku ni hatari ndogo kuliko yaliyoachwa wiki nzima. Kazi hiyo isifanywe na mama mjamzito. Nyama ambayo haijaiva vizuri ni njia nyingine ya maambukizi, kwa paka na kwa watu.

Mfugaji ana sababu yake ya ziada: kimelea hicho huwafanya mbuzi na kondoo kutupa mimba. Paka asiachwe kujisaidia kwenye lishe au nyasi zilizohifadhiwa.

Kumtunza jibu likichelewa

Kati ya siku ya kupeleka sampuli na siku ya kupata jibu kuna kipindi kirefu ambacho familia hukaa na mnyama mgonjwa. Ni kipindi cha kuchosha. Apewe mahali pakavu, tulivu na penye joto usiku, mbali na watoto wadogo na paka wengine. Maji yawe karibu naye. Paka huchagua chakula kwa pua, na pua ikiziba haoni sababu ya kula. Supu ya nyama au samaki iliyopashwa moto kidogo, bila chumvi wala kitunguu, huweza kumshawishi. Kitunguu huharibu damu yake. Paka asiyekula kabisa kwa siku mbili au tatu huanza kuharibika ini kwa sababu ya njaa yenyewe, kwa hiyo "atakula akijisikia" si mpango mzuri. Asimiminiwe maziwa kwa nguvu kooni, yataingia mapafuni.

Sindano ya antibiotiki iliyobaki kutoka kwa mbuzi isitumike. Kipimo cha mbuzi wa kilo 30 hakigawanyiki kwa macho hadi kufikia paka wa kilo tatu, na dawa ikitangulia vipimo inaweza kufuta alama ambazo daktari angezitafuta.

Baadaye huja mazungumzo ambayo watu wengi hawapendi. Fedha za kumtibu paka zinatoka kwenye mfuko ule ule wa karo na chakula. Hakuna aibu kumuuliza daktari waziwazi: kipimo kinachofuata kitabadilisha matibabu, au kitatupa jina tu? Kama hakibadilishi kitu, familia inaweza kukiacha. Na paka anayeteseka bila matumaini, asiyekula, asiyesimama, anayelia akiguswa, anaweza kupewa na daktari sindano ya kumpumzisha bila maumivu. Kumtupa porini akiwa hai, jambo ambalo hufanyika, ni mateso juu ya mateso, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama inamlinda paka kama inavyomlinda punda.

Watoto waambiwe ukweli. Mtoto aliyeambiwa paka "ameenda safari" atamtafuta kwenye laga kwa siku nyingi, na anaweza kumkuta.

Mzoga na paka anayefuata

Paka aliyekufa bila jibu asitupwe jalalani wala kupewa mbwa. Kama alikuwa na dalili za kichaa, au alikuwa amekula nyama ya mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au nyuma bila kuganda, mzoga usiguswe hadi afisa wa mifugo afike. Dalili hizo za mnyama aliyeliwa zinaweza kuwa za kimeta. Katika hali nyingine, anayezika avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, achimbe shimo la zaidi ya mita moja mbali na kisima na laga, na aweke mawe juu ili fisi na mbwa wasifukue.

Vyombo na mahali alipolala vioshwe kwa sabuni kwanza, kisha kwa jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, na kuachwa dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Matandiko yachomwe. Kama kuna shaka kwamba alikufa kwa panleukopenia, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua watoto wa paka kwa haraka, virusi vyake vinaweza kudumu ndani ya nyumba kwa mwaka mzima. Panya wakianza kurudi, jirani akitoa mtoto wa paka mwenye wiki nane, asiletwe humo bila chanjo. Ni bora apatikane paka mkubwa aliyekwisha kuchanjwa, na chanjo ya kichaa apewe akifikisha miezi mitatu au zaidi, siku ile ile mbwa wa boma wanapochanjwa. Katoni yenye matundu na kamba ya kuifunga inatosha kumfikisha.